Radi ya Mwezi wa Saba

Watu wakisikia mlinzi ameuawa kazini hudhani ilikuwa usiku, wakafikiria majambazi na mapanga. Mume wangu Kasimiri aliuawa mchana, jua likiwa utosini, siku ya mnada, mbele ya watu waliomjua mpaka jina la msimamizi wake wa ubatizo. Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba chakula chake.

Mjini kwetu Sumbawanga habari hii husimuliwa kwa namna nyingine. Mimi naiandika kama nilivyoiona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sukari, sabuni na vitenge tulivyokuwa tukivipangia foleni tangu alfajiri sasa vilikuwa vimejaa madukani hadi barazani, na waliokuwa na kazi ya kununulia vitu hivyo walikuwa wamerudishwa nyumbani. Kasimiri alikuwa mpakiaji katika ghala la umma. Ghala lilipofungwa, wakaambiwa wamepunguzwa. Alirudi kulima ulezi kwenye shamba la baba yake, na kila mavuno yakiwa mabaya alisema atakwenda Kipili kuvua migebuka. Mwanaume huyo hakujua kuogelea. Ziwa Tanganyika alikuwa ameliona mara moja tu, akiwa juu ya lori la mahindi. Nilimwogopea ziwa, nikamwomba Mungu apate kazi yoyote ya nchi kavu.

Ndipo akaja Romani, mwanajeshi mstaafu, akafungua kampuni ya ulinzi, ya kwanza tuliyoiona mjini. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza na simba aliyechorwa ukutani, vibaya kiasi kwamba watu walikuwa wakiuliza kwa nini huyo mbwa ana ndevu. Romani aliwapigisha vijana gwaride kwenye uwanja wa shule, baridi ya Juni ikivuma, na mwisho wake akamchagua Kasimiri. Alimpa sare ya kaki, buti, rungu na filimbi.

Siku ya kwanza alipovaa sare, binti yetu Faith alijificha nyuma ya mlango akadhani polisi wamekuja. Kasimiri akapiga saluti.

"Mama Faith, ripoti! Nyumba nzima iko salama, ila mboga haijulikani iliko."

"Mboga umekula jana, afande," nikamwambia.

Sikuwa nimemsikia akitania hivyo tangu ghala lifungwe.

Lindo alilopewa lilikuwa ghala la Mzee Eustaki, jirani na uwanja wa mnada. Kila mtu mjini alilijua ghala lile, kwa sababu lilikuwa halilindwi na mtu. Juu ya mlango kulining'inia kibuyu cheusi, kidogo kama ngumi, kilichofungwa uzi mwekundu. Ilisemekana ndani yake kuna radi. Atakayechukua hata punje ya Mzee Eustaki bila idhini, radi itamfuata popote alipo, iwe chini ya kitanda au kanisani. Watu wa mikoa mingine hutucheka sisi wa Sumbawanga kwa habari za namna hii, na sisi hucheka nao, lakini tukifika penye kibuyu tunahamia upande wa pili wa barabara. Mzee Eustaki alikuwa akiacha magunia nje ya baraza usiku kucha, asubuhi anayakuta yalivyo, na umande juu yake.

Basi wakaja wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Walitaka kuweka sukari na vitenge vyao katika ghala lile, viuzwe huku nyanda za juu. Walipouliza mlinzi yuko wapi wakaonyeshwa kibuyu, walicheka, wakasema hawawezi kuacha mali yao mikononi mwa uvumi. Wakataka mlinzi mwenye sare. Asubuhi Kasimiri alipoanza kazi, Mzee Eustaki alipanda kwenye kigoda akakikata kibuyu kwa kisu cha jikoni.

Jioni ile Kasimiri alirudi nyumbani akicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Faith, njoo nikunong'oneze. Unajua mle kwenye kibuyu mlikuwa na nini?"

"Sitaki kujua."

"Chumvi! Chumvi na unga wa mkaa. Mzee mwenyewe alichanganya, miaka mingi iliyopita, mkewe akiwa sokoni. Ameniambia mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. 'Mwanangu, mimi ni mtu wa komunyo kila Jumapili, radi ningeipata wapi?' Ndivyo alivyosema."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka kidogo, maana na mimi nilikuwa nimezunguka barabara ile miaka yote hiyo.

Kesho yake alama nyeupe juu ya mlango, pale kibuyu kilipokuwa, ilionwa na kila aliyepita. Wakaanza kusogea kwa udadisi. Mmoja akamuuliza Kasimiri, "Mshikaji, vipi? Radi imekwenda wapi?"

Siri ya Mzee Eustaki hakuitoa. Ila alikuwa mtu wa utani, na alikuwa na furaha. Akajigonga kifuani kwa rungu.

"Radi imepunguzwa kazi kama sisi wengine. Sasa radi ni mimi."

Watu walicheka sana. Neno hilo lilifika kisimani kabla ya mchana, mimi nikalisikia huko huko nikiteka maji. Jirani yangu Luciana, ambaye ndiye aliyemshika Faith siku ya ubatizo, ndiye aliyeniambia, tena kwa kicheko. "Shemeji yangu ana maneno! Eti yeye ndiye radi!" Lakini mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akijitwisha ndoo alisimama, akauliza taratibu, kama anayeulizia bei, "Kwa hiyo pale sasa hakuna kitu?"

Akajitwisha ndoo yake, akaenda.

Sisi tulifikiri mlinzi anaongeza ulinzi. Watu wa mji walifikiri kinyume chake, na kwa hesabu yao walikuwa na akili: mwenye radi huajiri mlinzi wa nini? Aliyeajiri mlinzi amekwisha kukiri kwamba hana kitu kingine.

Ilianza kidogo kidogo. Gunia la mahindi lilipasuka barazani, mwanamke akainama akazoa kwenye upande wa kanga yake, mchana, akimtazama Kasimiri usoni. Alikuwa mjane wa Kizwite, tena mwanakwaya. Kasimiri akageuza uso. Siku nyingine kijana alipita akachomoa kipande cha sabuni kwenye boksi lililofunguliwa. Alisimama, akatazama mbinguni, akangoja. Alipoona hakuna kilichotokea, akaenda zake akipiga mluzi.

Romani akasikia. Akaja mpaka nyumbani kwetu, akakataa kiti.

"Kasimiri, rungu nililokupa unadhani ni fimbo ya kuchungia kondoo?"

"Hapana, afande."

"Kwa nini hupigi?"

"Afande, nitampigaje mama wa watu kwa konzi ya mahindi? Tunasali jumuiya moja."

"Sikiliza, mtoto wa Kifipa. Heshima yako iache mlangoni kwako asubuhi, utaikuta jioni. Ukimwachia mmoja umewaachia wote. Likipotea gunia moja la wale watu wa Dar, nalipoteza lindo, na wewe unavua sare. Hiyo Kipili yako unayoisema, utakwenda."

Alipoondoka nilimwambia mume wangu, "Mwombe mzee akirudishe kile kibuyu. Kitundikwe tu, hata kama ni chumvi."

Alinitazama kama nimemtukana. "Nimepewa buti na filimbi, mama Faith. Nikaombe kibuyu kinisaidie kazi? Basi kivalishwe sare hicho kibuyu, mimi nining'inizwe."

Alikuwa ameipenda kazi ile. Alikuwa akizipaka buti dawa kila jioni kabla hajala, akinisimulia jinsi watu wa ofisini walivyomsalimu. Kwa mara ya kwanza tangu anioe hakuwa anabeba mzigo wa mtu. Alikuwa anasimama wima.

Siku ya mnada ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Mbingu ilikuwa bluu tupu, upepo mkavu, vumbi. Kwetu mvua ya mwisho hunyesha mwezi wa nne, ikichelewa sana wa tano, na hairudi mpaka wa kumi na moja. Nalisema hili mapema ili asomaye alishike.

Lori la sukari lilikuwa limefika asubuhi, na kwa kuwa ndani hamkuwa na nafasi, magunia yalipangwa barazani na marobota ya vitenge juu yake. Mzee Eustaki alikuwa amekwenda kutafuta wapakiaji. Mizani kubwa ilikuwa imetolewa nje, na mawe yake ya chuma yamepangwa ardhini kwa ukubwa. Watu walikuwa wengi: wafugaji waliotoka bondeni na ng'ombe wao, wakulima wa Kaoze, wanawake wa samaki wakavu, wote wanapita mbele ya ghala.

Nilikuwa nimepika ugali wa ulezi na maharage, nimefunga bakuli katika kitambaa. Nilipokata kona niliona mtu mmoja ameinamia gunia, analivuta kwa ncha zake mbili. Kasimiri akalishika upande wa pili. Hawakupigana. Walikuwa wanavutana kama watu wanaosaidiana kubeba, na Kasimiri anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, acha. Kaka, acha tafadhali."

Yule mtu akacheka. "Si ulisema wewe ndiye radi? Haya, nipige."

Watu wakasimama kutazama. Gunia likapasuka, sukari ikamwagika. Kwa muda mfupi kila mtu alitazama juu. Niliona kwa macho yangu, uwanja mzima ukiinua nyuso mbinguni, na wanaume wengine wameshika kofia. Mbingu ilikuwa safi.

Ndipo wakaja.

Sijui niseme nini juu ya wale watu. Laiti wangekuwa wezi, ningekuwa na neno. Nilimwona fundi cherehani aliyenishonea gauni la harusi. Nilimwona mzee mmoja wa parokia amejitwisha robota, na rozari yake inaning'inia shingoni. Walikuwa hawapigi kelele, hawasukumani sana. Walikuwa wanachukua kwa haraka na kwa nidhamu, kama watu walioitwa kwenye mgawo. Luciana alipita karibu nami ubavu kwa ubavu, amekumbatia vitenge, macho yametoka, na akanisalimu. "Habari za saa hizi, dada." Akapita, akielekea upande wa mizani.

Kasimiri alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatandaza mikono kwenye miimo yote miwili ili wasiingie ndani. Filimbi ilikuwa mdomoni, anaipuliza, na rungu liko kiunoni, hakulichomoa. Aliniona. Akatikisa kichwa kwamba nisisogee. Kisha mtu akampita chini ya mkono akaingia, na Kasimiri akageuka kumfuata, akawapa watu kisogo.

Kitu kilipita hewani. Kilikuwa kidogo, cheusi, na hakikwenda kwa kasi. Kikampata kisogoni. Filimbi ikakatika katikati ya sauti, akapiga magoti kama anayesalimia wakubwa, kisha akalala kifudifudi ndani ya sukari.

Sikumwona aliyerusha. Nimerudia dakika ile mara nyingi kuliko sala, na kila mara naona mikono mingi, sioni uso.

Nilitupa bakuli nikakimbia. Niliinua kichwa chake, na vidole vyangu vikaingia mahali ambapo hapakupaswa kuwa na shimo. Karibu na bega lake lilikuwa jiwe la mizani, lina nywele. Nikalishika, nikaliinua ili walione wote. Nikafumbua kinywa niseme.

Mtu mwingine ndiye aliyesema. Sauti ya mwanaume, kali, kutoka katikati ya umati: "Radi! Radi imempiga!"

Na wote wakaamini. Niliwaona wakiamini, ilipita usoni mwao kama upepo unavyopita kwenye ngano. Mimi nimesimama na jiwe la chuma mkononi, damu inateremka mpaka kiwiko, jua linawaka, na wao wanapiga mayowe ya radi. Vitu vikaanza kutupwa chini. Vitenge vikafunguka vumbini, sukari ikamwagwa kutoka kwenye kofia na kwenye kanga. Mjane yule wa Kizwite alikuwa anajikung'uta viganja kama mwenye siafu. Kufumba na kufumbua uwanja ulikuwa mtupu, ila mali yote iko pale, mimi niko pale, na Kasimiri yuko miguuni pangu. Alikuwa amekwisha kufa.

Polisi walipouliza, kila aliyeulizwa alisema radi. Askari mmoja kijana, mgeni wa mkoa, aliniuliza mimi. Nikamwonyesha jiwe. Aliligeuza mkononi, akaliweka barazani, akasema watalifuata.

Tulimzika siku ya pili. Kaka yake mkubwa, Yohanes, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kaburini. Alisoma kuzaliwa, shule, ndoa yetu, kazi ya ghala la umma na kazi mpya ya ulinzi. Kisha akasoma: "Alifikwa na mauti akiwa kazini, kwa kupigwa na radi."

Mwezi wa saba. Watu wamevaa makoti, midomo imepasuka kwa ukavu, na hakuna aliyeinua uso kumtazama. Padre alipepesa macho, akafunga kitabu chake kidole kikiwa ndani.

Nikasimama. Nilisema, "Mume wangu alipigwa na jiwe la mizani. Lilirushwa na mtu. Mtu huyo pengine yuko hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele ya watu tangu nimalize kidato cha nne. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alinivuta kanga polepole, kwa huruma kabisa, kama unavyomkalisha mgonjwa wa homa. Kisha kwaya ikaanza wimbo.

Baadaye nilimkabili Yohanes nyuma ya nyumba. "Shemeji, wewe uliosha mwili. Uliona kisogo."

"Niliona."

"Radi hutoboa hivyo?"

Alichokonoa udongo kwa fimbo. "Shemeji, ukisema ni mtu, lazima umtaje. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi. Ukoo wetu utamshtaki nani? Mji mzima? Radi haihitaji jina."

Nikafikiri yupo mmoja ambaye neno lake lingetosha. Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa Mzee Eustaki. Nilimkuta barazani, anapima maharage ya mteja. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikamwamkia shikamoo kama inavyopasa, na nilipoinua macho nikaona anachopimia. Lilikuwa jiwe lile lile. Lilikuwa limeoshwa. Lilikuwa kwenye sahani ya mizani, na maharage upande wa pili yanapanda na kushuka.

Nikangoja mteja afungiwe maharage yake.

"Mzee," nikasema mteja alipoondoka, "waambie watu kile kibuyu kilikuwa na chumvi. Neno hilo tu. Ukisema wewe watajua kwamba ni mkono wa mtu, na mmoja atamtaja mwenzake."

Alikaa juu ya gunia. Alikuwa amezeeka ghafla, na aliniita mwanangu, na machozi yalimtoka, sikuyatilia shaka. "Mwanangu, mimi sijasema ni radi. Wao ndio waliosema."

"Lakini unajua."

"Najua. Tangu siku ile hakuna aliyegusa hata punje. Nilikuta vitenge vya watu wa Dar vimelala barabarani, siku nzima, watu wanavizunguka. Nikisema ni chumvi, watarudi kesho. Na mlinzi mwingine atakufa. Romani ameniuliza kama nataka mwingine. Nimemwambia hapana, mimi sitatia tena mtoto wa mtu mlangoni pale."

Alisema hivyo kama anayenifariji. Juu ya mlango hapakuwa na kitu, hata kibuyu hakikuwepo. Hakikuhitajika tena.

Siku nyingi zikapita. Luciana alikuwa hajafika kwangu tangu maziko, na kisimani akiniona alikuwa akiondoka na ndoo nusu. Alasiri moja akaja. Alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi taratibu, akangoja nimkaribishe. Nikamkaribisha. Alikaa kwenye mkeka, akakataa uji.

"Mama Faith, uliniona siku ile."

"Nilikuona."

"Nilikuwa na vitenge."

"Vitenge vyekundu. Na ukanisalimu."

Akajifunika uso kwa viganja, akalia, nami nikamwacha alie. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu bila kujua kwamba namngoja. Alikuwa ametangulia mbele yangu, alikuwa karibu na mizani kuliko mtu yeyote. Kama kuna aliyeona, ni yeye. Nilifunga mlango. Nikamtuma Faith kwa bibi yake. Nikarudi nikaketi karibu naye, magoti yetu yakagusana.

"Luciana, hapa tuko wawili. Sitakupeleka polisi, sitakutaja kwa Yohanes. Ulimshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo. Niambie tu. Nani alirusha?"

Aliondoa viganja. Macho yalikuwa mekundu lakini yametulia, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuonewa tena.

"Dada yangu, ilikuwa radi. Niliiona. Iliwaka nyeupe, hivi, ikashuka juu ya mlango. Nilisikia mpaka harufu yake. Wewe ulikuwa hujafika karibu."

Nilimtazama usoni, kwa muda mrefu, nikitafuta uongo. Haukuwepo.